Nyeupe Ushindi, Nyeusi Sare

"Shangazi, nimeibiwa!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Byera, binti wa kaka yangu, Jumapili iliyopita sebuleni kwangu. Nilidhani kuna mtu kampokonya simu dirishani. Kumbe simu anayo, ameinyanyua juu kama anapeleka ushahidi polisi. Amecheza chesi ya mtandaoni, hakufungwa, wametoka sare, na bado alama zake zimeshuka. Nane nzima! "Sare ni sare," akalalama, "sasa mimi nakatwa kwa kosa gani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akanuna, akidhani namcheka yeye. Nilikuwa namcheka mtoto mwingine kabisa, mwenye miguu myembamba na sweta la shule lililotoboka viwiko, aliyewahi kupiga kelele hizohizo mbele ya wateja wa steshenari kule Miembeni, na yeye akamtaja na mwizi kwa jina.

Mimi ni wa Izigo, Muleba. Nyumba yetu ilikaa katikati ya kibanja, migomba ikipapasa madirisha na mibuni ikijificha chini yake. Mama aliondoka nikiwa darasa la tatu. Asubuhi alinisuka, jioni nikaambiwa amekwenda Mwanza kutafuta kazi. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Baba yangu, Taata, alikuwa na maswali yake ambayo mtoto ukiyauliza unatumwa kuchota maji hata kama pipa limejaa. Nilipofika darasa la tano wakanipeleka Bukoba mjini, Bilele, nikae kwa Shangazi Adventina na kusoma huko.

Kwa Mama nilibakiwa na sauti tu. Mara chache ilikuja kwenye simu ya Shangazi, nyuma yake mashine zinaunguruma, na kabla sijapata la kusema salio lilikuwa limekwisha. Sura yake ilianza kunitoka. Darasani nilikuwa naichora nyuma ya daftari, nafika kwenye pua nashindwa, nafuta. Nilimkasirikia sana Mama, na nilimtaka sana, yote mawili kwa wakati mmoja, na sikujua kwamba mtu anaruhusiwa kuwa na yote mawili. Niliamini pia kwamba yeye amenisahau. Kama mimi ninayemwaza kila siku nimeanza kuisahau pua yake, yeye mwenye kazi nyingi atakuwa amebakiwa na nini changu?

Basi siku moja Mwalimu Deus, mwalimu wetu wa hesabu aliyetufundisha chesi, yeye akipenda kuiita sataranji kwa heshima zote, akatangaza kwamba shule za mikoa ya ziwa zitashindana. Watoto watacheza kwenye kompyuta, mtandaoni, lakini wote wawe kwenye ukumbi mmoja, kwa sababu wakiachwa majumbani kwao, kaka zao wa chuo ndio watakaocheza. Bukoba tutoe wanne. Watakaokwenda ni wale wenye alama za juu, yaani ile namba ambayo mtandao unampa kila mchezaji kuonyesha uwezo wake, ikifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa kumi jioni. Wenzangu wakauliza kuhusu zawadi. Wengine wakauliza kuhusu chakula. Mimi nikauliza, kwa ile heshima ya Kihaya, "Waitu mwalimu, ni wapi?"

"Mwanza," akasema.

Kuanzia dakika ile, ile namba haikuwa namba tena kwangu, ilikuwa Mama.

Shangazi alikuwa na steshenari pale Miembeni, kachumba kadogo kenye mashine ya kudurufu na kompyuta mbili kuukuu zilizonukia vumbi la moto na wino. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja, na pasipokuwa na mteja wa kuchapiwa kadi za kipaimara, nilicheza. Kwenye kompyuta ya pili alikaa Shamsa, rafiki yangu, binti wa muuza vitambaa wa duka la jirani. Bibi yake Shamsa alitoka Pangani, na Kiswahili cha nyumba ile kilitufanya sisi wa Muleba tuongee kwa tahadhari. Shamsa naye alitaka kwenda Mwanza. Hakuwa na mama wa kumtafuta huko, alitaka tu kwenda, na ilikuwa haki yake.

Sasa nieleze ujinga wangu, na msinicheke kuliko nilivyojicheka mwenyewe.

Kwetu Izigo, Jumapili baada ya misa, Taata aliweka ubao wa drafti juu ya kigoda, vizibo vya soda vya upande mmoja vimelala chali, vya upande wa pili kifudifudi. Alikuwa bingwa, na wala hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Wahaya wanatuita nshomile, wasomi wa kujisifu, bure? Akicheza na jirani wa kila siku alimchapa, akamwimbia, akamwuliza kama nyumbani wanajua kwamba ametoka. Lakini akija mgeni wa mbali, Taata alimwachia aanze, kisha akacheza kwa ujanja mpaka kila mmoja anabaki na kingi moja, wanafukuzana ubaoni hadi wanacheka wote. Sare. Siku moja nilimwona kwa macho yangu akiacha kula vizibo vitatu vya mgeni vilivyokaa wazi kabisa. Mgeni alipoondoka nikamwuliza kwa nini.

"Nimfunge mtu kwangu," Taata akasema, "halafu nimkaribishe akamwani? Zitampita wapi?"

Akamwani ni zile kahawa zilizochemshwa zikakaushwa, ambazo sisi tunazitafuna, na mgeni wa Mhaya hakai bila kupewa. Jibu lile liliniingia. Na kwenye chesi, mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza. Kwa hiyo kichwani mwangu sheria ilikuwa wazi kama mchana: nikipewa nyeupe mimi ni mgeni, nipige nguvu zangu zote. Nikipewa nyeusi mimi ni mwenye nyumba. Huyu mtu ametoka ng'ambo, bendera yake hata siijui, kaja mpaka kwangu Miembeni, nimfunge? Nikishaona namshinda, nilibonyeza kile kitufe cha kuomba sare. Walikuwa wanaikubali upesi, kama watu waliookota kitu njiani. Mmoja aliniandikia maneno marefu ya kwao yenye alama kumi za kuuliza. Nikaamini ananishukuru.

Ila alama hazikwenda mahali. Nikishinda zinapanda, nikitoa sare zinashuka. Mara alama sita, mara alama saba. Nikipata sare mbili, ushindi wangu wote wa juzi umekwisha. Sikuelewa. Sare maana yake hakuna aliyefungwa, na kama hakuna aliyefungwa, nani kachukua alama zangu? Taata hakuwahi kukatwa hata kizibo kwa kumheshimu mgeni! Nikageuza shingo, nikatazama kompyuta ya pili. Shamsa alikuwa amepanda. Siku ile niliyoshuka kumi na tatu, yeye alikuwa amepanda kumi na nne. Hesabu gani nyingine nilihitaji?

"Shamsa ananiibia alama!" nilipiga kelele, duka limejaa. "Mwizi! Mwizi mkubwa wewe!"

Mzee mmoja aliyesubiri kudurufiwa cheti aligeuka. Shamsa akasimama polepole. "Mwizi nani? Mimi? Hebu sema tena."

Nikasema tena. Shangazi akanishika sikio akalizungusha kama anafunga bomba. Shamsa hakunigusa. Alichukua mkoba wake, akamwambia Shangazi, "Samahani mama kwa fujo," fujo ambazo hakuzifanya yeye, akatoka. Angenizaba kibao ningepata afueni.

Shangazi alimwita Mwalimu Deus. Jumatatu akaja dukani, akavaa miwani, akafungua orodha ya michezo yangu na kuishuka taratibu kwa kidole. Nilisimama kando yake nikisubiri amtaje mwizi.

"Nyeupe, ushindi," alisoma. "Nyeusi, sare. Nyeupe, ushindi. Nyeusi, sare. Nyeusi, sare. Ala!" Akafungua mchezo mmoja, akautazama, akanitazama mimi. "Koku, hapa una malkia na ngome mbili. Mwenzako ana mfalme na maombi. Umempa sare ya nini?"

"Ni mgeni, mwalimu."

"Mgeni nani?"

Nikamweleza. Mwenye kuanza, asiyeanza, Taata, akamwani, yote. Nilieleza kwa kujiamini, kama ninayemsaidia mtu aliyekulia mahali pasipo na adabu. Mwalimu Deus alivua miwani akaiweka mezani, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Shangazi naye aligeukia ukutani. Nilikaribia kulia.

Alipopata pumzi aliniuliza, "Ukikimbia na mtoto wa chekechea mkafika pamoja, watu watasema nini juu yako?"

"Kwamba sijui kukimbia."

"Na huyo mtoto?"

"Kwamba anajua."

"Basi ndivyo mtandao unavyohesabu. Kabla hamjaanza, unaangalia namba zenu, unakisia nani atashinda. Ukitoka sare na mtu wa chini yako, unaona umefanya pungufu ya ilivyotegemewa, unakukata. Ukitoka sare na aliyekuzidi sana, umefanya zaidi, unakuongeza. Mkiwa sawasawa, hapabadiliki kitu. Alama zako zinakwenda kwa haohao unaowahurumia. Shamsa hajagusa hata moja."

"Kwa hiyo mashine haimjui mgeni?"

"Haimjui."

"Sasa nikiwaheshimu wageni sitafika Mwanza?"

"Mwanza unaitaka ya nini hasa?"

"Mama yuko huko," nilisema. Mwalimu Deus alivaa miwani yake tena, akaifuta ikiwa bado usoni. "Basi kuanzia leo," alisema, "hapa si Izigo. Ukipata malkia, ua."

Kwa Shamsa nilikwenda siku iliyofuata, nikamkuta anakunja vitenge dukani kwa baba yake. Nilimwambia samahani, ilikuwa hesabu. Aliniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akanipa ncha moja ya kitenge nishike, tukakunja pamoja mpaka bunda likaisha, na hapo ndipo alipouliza, "Na mama yako unamtafuta kweli, au mwalimu ametia chumvi?" Bukoba nzima ilikuwa imeshajua. Nikamwambia kweli.

Wiki tatu zile niliwafunga watu wa bendera zote. Mwanzoni ilinipa tabu. Nikiwa na nyeusi na mchezo umeelekea kwangu, kidole kilijipeleka chenyewe kwenye kile kitufe, mpaka nikawa naukalia mkono wa kushoto. Lakini namba ilipanda. Nafasi tatu za kwanza zilikuwa zimechukuliwa na watoto ambao hatungewafikia hata kwa helikopta. Jumamosi ya mwisho ilipofika nafasi ya nne alikuwa nayo Shamsa, elfu moja mia moja sitini na tatu. Mimi hamsini na tisa. Alama nne!

Shamsa alikuwa ameacha kucheza tangu Alhamisi. Alizilalia alama zake kama kuku, asije akashuka. Lakini alikuja dukani, akasimama nyuma ya kiti changu na mikono nyuma. Saa tisa na nusu ikapita. Nikabonyeza kutafuta mchezaji, na mtandao ukaniletea mtu wa elfu moja mia nne na arobaini na tisa. Shangazi alipoona ile namba alisema, "Yesu na Maria," akaenda kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

Mtu yule alikuwa ananitafuna. Alinila farasi, akanila ngome, kete zake zikamzunguka mfalme wangu kama watu wanaofunga duka. Zilibaki hatua mbili nimalizike. Hapo ndipo nilipoona kwamba malkia wangu anaweza kumtisha mfalme wake. Nikamtisha. Mfalme akasogea. Nikamtisha upande wa pili. Akarudi alipokuwa. Hana pa kujificha, na mimi sina nguvu ya kumuua, ila naweza kumtisha mpaka kesho. Mwalimu Deus alishatufundisha kwamba ubao ukirudi vilevile mara tatu, mchezo unakwisha kwa sare. Nikamtisha. Akasogea. Nikamtisha upande wa pili, akarudi, nami nimeshika kipanya kwa mikono miwili. Nikamtisha tena.

Sare. Alama sita juu. Elfu moja mia moja sitini na tano.

Niliruka nikagonga meza. Shangazi alipiga vigelegele, duka zima likageuka. Kisha nikamkumbuka aliyesimama nyuma yangu. Shamsa alikuwa bado anatazama skrini, midomo ameibana. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, haukuwapo muda wa yeye kucheza. Kama angekuwa mtoto wa aina yangu angelia au angeniita mwizi, na safari hii angekuwa na haki kidogo. Alitoka bila kuaga. Jumatatu alinisubiri kwenye lango la shule.

"Nenda ukamwone mama yako," alisema. "Ila ukifungwa huko, usirudi Bukoba. Utajua pa kuishi."

Tulipanda basi la alfajiri na Mwalimu Deus, watoto wanne, tukiwa na mkungu mdogo wa ndizi za kuiva na soda za moto. Shangazi alikuwa ameshampigia Mama. Jibu alilolipata lilikuwa fupi: kiwandani kwao, kiwanda cha samaki, wametoa ruhusa ya saa moja, basi, na Mama hakuwa na uhakika ataipata saa ngapi. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kumkasirikia. Nilipanga kutomwangalia mwanzoni, ili aone.

Ukumbi ulikuwa wa shule moja kubwa, kompyuta zimepangwa safu kwa safu. Sheria ilikuwa moja na waliirudia mara tatu: hakuna kunyanyuka kitini mpaka mchezo wako uishe. Mchezo wa kwanza nilipangiwa kavulana ka Mwanza kalikokaa mkabala nami, kenye alama mia tisa tu. Kalinipa malkia wake mapema, bure, kisha kakashika mashavu na kuanza kufikiri. Kalifikiri! Kila mmoja wetu alikuwa na nusu saa, na kale katoto kalionekana kuwa na nia ya kuimaliza yote.

Nikainua macho, na mlangoni akawa amesimama Mama.

Alikuwa amevaa buti nyeupe za plastiki na koti la kiwandani, kitambaa kimefunika nywele. Pua ilikuwa ileile. Niliijua hata kabla sijajua kwamba ninaijua. Mlinzi wa mlango alimnyooshea mkono kwamba asiingie, asubiri, na yeye akatikisa kichwa kukubali, akaegemea fremu ya mlango. Kisha akatazama saa ya ukutani. Nami nikaitazama. Kale kavulana bado kanafikiri. Saa ya Mama ilikuwa imeshaanza kuliwa na mtu ambaye hata hamfahamu.

Hasira niliyoifanyia mazoezi kutoka Bukoba niliitafuta, sikuiona. Nilijua kitakachotokea, nilifundishwa vizuri. Nikabonyeza kitufe cha kuomba sare.

Kavulana kakatazama skrini yake, kakanitazama mimi, kakatazama tena malkia wangu. Kakakubali kabla sijabadili mawazo. Mwalimu Deus, aliyekuwa akitembea kati ya safu, alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Koku! Una malkia mzima!" Nilikuwa nimeshanyanyuka. Nikamnyooshea kidole mlangoni. Akageuka, akaona, akateremsha mikono, akanisukuma kidogo begani niende. Shamsa alipokuja kuambiwa hakuniamini, na mpaka leo, mama wa watoto wawili, ananitania kwamba nilimnyang'anya nafasi yake nikaenda kuigawa kama karanga.

Mama alinuka samaki na sabuni. Alinikumbatia, akaniachia, akanishika uso, akanigeuza huku na huku kama anayetafuta kovu. Nilikuwa nimemfikia mabegani. Hatukujua tuanzie wapi, kwa hiyo akaanzia kwenye hicho ambacho sikukitegemea hata kidogo.

"Elfu moja mia moja sitini na tano," alisema.

Nilimkodolea macho. Mama hajui chesi. Hakuwa amewahi kuuona ule ubao.

"Shangazi yako hunitumia kila Jumamosi," alisema, na akatoa simu yake ndogo mfukoni mwa koti, akaanza kunionyesha ujumbe mmoja mmoja, namba zangu zote, zilizopanda na zilizoshuka, wiki baada ya wiki, hakuwa amefuta hata moja. "Nyingine zilikuwa zinashuka, nikawa najiuliza mwanangu kapatwa na nini. Leo je? Zimefika ngapi?"

"Zimeshuka," nilisema. "Hamsini na nane."

"Kwa nini tena, jamani? Mlinzi kaniambia ulikuwa unashinda."

"Nilikuwa na haraka, Mama."